Gari Yapumua Kuliko Mwenyewe

Hebu niulize, na mtu asinicheke. Nani alotudanganya kwamba gari kubwa ni starehe? Hii SUV yangu niliinunua ishazeeka, ina miaka kumi na saba, alieniuzia akanambia hii haina springi babangu, hii yaelea juu ya hewa, ukiingia ni kama uko kwenye jahazi siku ya upepo mzuri. Mi kusikia hewa nikajua ni bure. Hewa Mombasa si tele?

Sasa kila alfajiri nikiwasha niende kazini huko Likoni, chini huko huanza, nnnnggggrrrrr. Si injini, injini nzima. Ni kompresa, kitu chenyewe kama birika la kahawa tungu kwa ukubwa, kazi yake kuvuta hewa, kuibana, kuisukuma kwenye mipira minne, kila tairi na mpira wake, ndo gari isimame. Ikiwa nzima hulia kidogo ikanyamaza. Yangu nawasha, narudi ndani, nala mahamri mawili na mbaazi zake, nanawa, natoka, bado yalia. Jirani wa juu aliniuliza kwa heshima kabisa kama nimefungua kinu cha kusaga mahindi manake vikombe vyake kabatini vyasalimiana.

Na siku ya ferry, wallahi. Niko kwenye foleni, jua limewaka, kompresa yalia tu, mara kimya. Nikashukuru. Kumbe imepata moto ikajizima yenyewe isiungue, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, nikifika pale pa kupandia gari ikapiga magoti taratiiibu kama ngamia wa ufuoni, chuma kikakwaruza krrrrr watu wote wakageuka. Mama mmoja ana beseni la samaki kichwani akaniangalia akasema, "Kaka, gari yako ishapata kiti, sisi bado twasimama."

Nikapeleka kesi barazani. Kosa. Mmoja akasema kompresa imekufa nunua ingine. Mwengine akasema toa mambo yote ya hewa utie springi za chuma kama wanaume wenzako, na huyo hana hata baiskeli. Wa tatu akasema ni jicho, kuna mtu hakufurahi uliponunua. Nikamsikiliza wa kwanza, nikatoa elfu thelathini na tano nikatiwa kompresa ya mitumba. Wiki tatu raha mustarehe. Ya nne ikaanza kulia kama mwenzake, tena hii ina sauti ya bezi.

Ndo nikapelekwa kwa mzee mmoja Changamwe. Mi nilidhani atashika spana. Hakushika kitu. Akaniuliza, "Mwanangu, yalia vibaya, au yalia muda mrefu?" Nikamwambia ami, kuna tofauti? Akanitazama vile mwalimu hutazama mtoto alieandika jina lake vibaya. Akasema ikinguruma mpaka bodi yatetemeka, angalia vile vimpira vinavyoishikilia, vikishaoza chuma chagonga chuma. Ikiwa yasaga kama ina mchanga ndani, hiyo beringi. Lakini ikilia muda mrefu, kompresa si mgonjwa, kompresa anafanya kazi ya mtu mwengine, hewa yatoka mahali na yeye kila siku yuwajaza ndoo iliotoboka. Ataenda hivo mpaka ringi ya pistoni iishe, afe, na wewe uje ununue ingine. Hapo nikaikumbuka ile elfu thelathini na tano. Nikaikumbuka moja moja.

Akanambia nenda nyumbani, pima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, kona zote nne, jioni na asubuhi. Nikachukua futi ya cherehani ya mama watoto. Jioni sentimita 47 kote. Asubuhi 43 kote. Nikampigia mzee kwa furaha, ami, zote zavuja! Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Fyuzi ulitoa?" Fyuzi gani tena. Kumbe hii gari usiku huamka yenyewe mi niko usingizini, ikikuta kona moja imeshuka, badala ya kuiinua yateremsha zile zengine zilingane nayo, pshhh, ilale sawasawa. Yaani ni gari au ndugu wa kambo? Mmoja hana basi wote wasiwe nacho! Na ile pshhh ya saa nane za usiku nilikuwa namlaumu paka.

Usiku wa pili nikatoa fyuzi, isiamke ikajisawazisha. Asubuhi kona tatu ziko palepale, ya nyuma kulia 39. Mshukiwa huyo.

Kwa mzee tena. Akaiinua kwa jeki akaweka vishikizo vya chuma chini ya chasisi kwanza, akasema gari ya hewa haiingiliwi chini hivihivi, ikishuka haibishi hodi. Kisha maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, akamwagia ule mpira pale unapojikunja chini. Tukangoja. Sioni kitu. Akasema ngoja. Mara kwenye mkunjo, kwenye ufa hata ukucha hauingii, povu likaanza kufura polepole, kama andazi kwenye mafuta yasiopata moto vizuri, likakua, likapasuka, likaanza jengine. Pesa zangu zile.

Akafungua na kile kikopo cha kukaushia hewa. Ndani mna vijipunje vya kunyonya unyevu, na hewa inapotolewa gari ikishuka hupitia hapo ikavikausha, ila yangu ilikuwa yatokea kwenye ufa, hairudi. Na hapa ni Mombasa, chumvi yenyewe yalowa koponi. Vile vipunje vilikuwa vimekuwa uji. Akabadilisha, mpira mpya, na vile vimpira vya kushikilia kompresa, vya zamani vilikatika mkononi kama halua ilokauka.

Sasa kimya. Nawasha, yalia kidogo, basi, mpaka namwambia mama watoto njoo usikie, aseme nisikie nini, namwambia hicho hicho, huna unachosikia.

Futi yake anaidai hajaipata. Iko chini ya godoro upande wangu. Mzee aliniambia ile mipira mengine mitatu ni rika moja na ule ulopasuka, kwa hivo kila asubuhi natoka na futi na tochi ya simu. Leo ya nyuma kushoto ilikuwa 46 na nusu. Nikapima tena. 46 na nusu. Ule uwanja umeinama lakini, mi nilikuwa najua tangu zamani ule uwanja umeinama.