Nengonengo: kupaka sawa, kunywa hapana

"Nusa kwanza, mwanangu," mzee aliniambia, akakwangua ganda la mzizi kwa kisu na kunisogezea puani. Harufu ileile ya dawa ya kuchua misuli. Mbele yake, kwenye soko moja hapa Mwanza, yalipangwa mafungu ya nengonengo, mti wa miombo wenye maua ya zambarau. Kitaalamu ni Securidaca longepedunculata. Wasukuma huutumia kwa maumivu ya kichwa na viungo, hata kwa sumu ya nyoka. (Kwa nyoka, mimi nipelekeni hospitali.)

Wanaoutetea wana hoja, na ile harufu ndiyo hoja yenyewe. Mzizi una methili salisilati, ya ukoo mmoja na aspirini, ileile inayotiwa kwenye marhamu za kuchua. Bibi aliyeuponda akajipaka gotini hakuwa anabahatisha.

Tatizo ni kikombe. Kijiko kimoja cha chai cha methili salisilati tupu kinazidi vidonge 20 vya aspirini. Mzizi hauna ukali huo, ila una saponini pia, kemikali za povu kama la sabuni zinazoweza kudhuru zikinywewa, na kusini mwa Afrika unajulikana kwa kuua watu. Kaskazini mwa Ghana wakulima huufanya unga wa kukinga nafaka na fukusi.

Nikamuuliza mzee kipimo. "Kidogo tu, kwenye uji." Kidogo cha nani? Mganga wa zamani aliuchimba mwenyewe, akauchemsha, akajua nani ana mimba na nani kalala na njaa. Pakiti ya unga wa mzizi ya sokoni haimjui mtu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga na dawa zao wasajiliwe, lakini unga ule haukuwa hata na jina.

Hospitali nazo zina lao. Mgonjwa akishafokewa mara moja kwa "miti shamba", safari ijayo anaficha, na daktari anamwandikia dawa za kuzuia damu kuganda juu ya salisilati asiyoijua, na mgonjwa anaweza kutokwa damu kupita kiasi. Hatari hiyo hailetwi na mganga peke yake.

Nilinunua fungu moja kwa ajili ya goti la mama. Mzee akanyanyua na pakiti ya unga.

"Wa kupaka tu, babu."

Akacheka, akairudisha mezani, akaniongezea kipande cha mzizi bure.