Upande wa Pili

Kuna kijana ofisini kwetu, ndevu zake zimechongwa kama michongoma ya hoteli, aliniambia Jumatatu moja asubuhi, kabla hata sijanywa chai, kwamba mimi sijawahi kusikiliza jazz maishani mwangu. Mimi! Mtu niliyekulia kwenye nyumba ambayo ukutani kulikuwa na picha mbili tu, ya Mwalimu na ya bendi.

"Zile zenu ni rumba, mzee. Jazz ni kitu kingine."

Basi nikamhesabia kwa vidole. Dar es Salaam Jazz, tangu 1932. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz. Tanga peke yake ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kule Kongo, Franco na wenzake walianza na O.K. Jazz mwaka 1956. NUTA Jazz, 1964. Hao wote walikosea jina? Zamani bendi ikishakuwa na magitaa, matarumbeta na mashati ya kufanana, ilikuwa jazz, hapakuwa na mtihani wa kuingilia. Kijana akatabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa, akanialika nikajionee.

Tukaenda. Hoteli ya ufukweni, siitaji, wasije wakanidai. Kiingilio elfu hamsini, na soda yao unainywa kwa adabu maana huwezi kuagiza ya pili. Watu wametulia kimya kama kikao cha ukoo kinachosubiri mirathi. Mpiga saksafoni alikuwa fundi, sitadanganya. Alianza na wimbo, akatoka nje ya wimbo, akazunguka mtaa mzima, nikaingiwa na wasiwasi atarudije, akarudi kwa mlango wa uani. Nikainuka kwa furaha, nikaenda mbele, nikambandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso. Kwetu ndivyo mpigaji anavyoambiwa ahsante.

Jamani. Noti ikateleza, ikaingia kwenye mdomo wa saksafoni, na sauti iliyotoka hapo sijawahi kuisikia kwa kiumbe yeyote. Meza ya pembeni wakapiga makofi. Walidhani ni ufundi.

Wakati narudishwa kwenye kiti nikaelekezwa utaratibu: unasubiri mtu amalize kupiga peke yake, unapiga makofi kidogo, unanyamaza. Kucheza hakuna. Nikauliza, sasa hii miguu nimekuja nayo ya nini?

Kijana hakukata tamaa. Akaniazima santuri ya Miles Davis, Kind of Blue, waliyoirekodi New York mwaka 1959. Nyimbo tano tu. Nikaiweka Jumapili, nikakaa kumsubiri mwimbaji. Wimbo wa kwanza hajaja. Nikasema wakubwa huwa hawawahi. Wa pili hajaja. Wa tatu ukaisha, nikageuza, labda yuko upande wa pili. Santuri ikaisha yote, mwimbaji hakutokea wala hakutuma mtu. Lakini nikiri, niliirudia. Halafu nikairudia tena. Tarumbeta ya yule bwana inaongea kama mtu aliyeamka alfajiri na hataki kuamsha wenzake. Inafaa sana wakati wa kupiga pasi. Huu ni mwezi wa tatu na sijairudisha, na naomba mtu asimwonyeshe kijana maneno haya.

Kinachonitesa ni santuri zangu mwenyewe. Marehemu baba aliniachia kinanda cha santuri, boksi moja la santuri ndogo na madeni mawili. Madeni nimelipa. Sasa hizi santuri ndogo, zile za mizunguko 45, upande mmoja unabeba dakika tatu nne hivi. Na wimbo wa dansi ni hadithi: mtu apende, aachwe, apelekwe kwa wazee, aombe radhi, ndipo magitaa yachemke. Upande mmoja hautoshi. Kwa hiyo waliukata wimbo katikati, sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Ndiyo kwanza bega lako linaanza kutikisika, sauti inafifia, krrr, krrr, inuka ugeuze. Utamu wote uko upande wa pili. Na upande wa pili wa santuri ninayoipenda kuliko zote, tangu mwaka juzi haufiki mwisho bila dawa.

Una mkwaruzo. Dawa yake ni sarafu ya shilingi mia, unaiweka juu ya mkono wa sindano ili iwe nzito isiruke. Sarafu hiyo kwangu ni fundi, ina heshima zake, inalala hapo hapo kwenye kinanda. Jumapili iliyopita nimegeuza, mwimbaji akafika kwenye neno "mpenzi", akanasa. Mpenzi. Mpenzi. Mpenzi. Nakimbilia sarafu, haipo. Kitinda mimba wangu, darasa la pili, ameshaigeuza barafu ya ubuyu, na mdomo mwekundu unamshuhudia.

Mama watoto akaniuliza kutoka jikoni: "Kwani huyo mpenzi haitiki?"

Nikasaka sarafu nyumba nzima. Hakuna. Siku hizi pesa ya kila mtu iko kwenye simu, na simu huwezi kuiweka juu ya sindano. Nilijaribu.

Basi Jumamosi nikasema, upande wa pili nitaufuata kwa wenyewe. Bendi za zamani si zimo mjini? Kuna Sikinde, yaani Mlimani Park, tangu 1978. Kuna Msondo, ambayo ni ile ile NUTA Jazz, ikaja ikaitwa JUWATA, ikaja ikaitwa OTTU, ndipo ikawa Msondo Ngoma. Majina manne kama mtu anayekimbia madeni, lakini ukisikia tarumbeta unajua ni yule yule. Bendi niliyoiendea mimi siisemi, kwa sababu haina kosa. Wenye kosa ni binadamu.

Tangazo limesema saa mbili usiku. Saa mbili nimefika, tuko wawili, mimi na mfagiaji. Saa tatu akapanda bwana wa vipaza sauti: "Moja, mbili. Moja, mbili." Saa nzima, hajafika tatu. Mhudumu akachukua noti yangu ya elfu kumi, akasema chenji inakuja. Saa tano ukumbi umejaa, bibi mmoja wa makamo ananionyesha jinsi ya kucheza bila kumwaga bia, naona maisha yananirudia.

Wimbo wangu ulikuja saa saba. Nikaweka chupa chini. Sehemu ya kwanza safi, neno kwa neno. Gitaa la solo likaanza kupanda, matarumbeta yakajibu, tukafika pale pale ambapo santuri hufifia, na, Mungu anisamehe, nikajikuta nimeinuka kwenda kugeuza.

Hapo ndipo bwana mmoja mwenye shati la maua akapanda jukwaani kutuza. Ana noti za elfu moja, anazitoa moja moja kama anagawa karata. Kwa kila noti mwimbaji anaacha wimbo amtaje. "Mzee wa Gongo la Mboto!" Noti. "Baba yao!" Noti. "Mwenye nyumba tatu!" Noti mbili. Wimbo ukapita huko chini kama maji kwenye kalvati, na ulipotokeza tena ulikuwa unaagana nasi. Nilihesabu. Kwa elfu kumi na mbili tu yule bwana alinunua upande wa pili wote, akaondoka nao. Na usinikumbushe ya hotelini, yangu ilikuwa noti moja.

Chenji haikuja. Bajaji ya elfu tatu ikawa elfu saba, "usiku huu, mzee wangu". Lakini katika kunirudishia, dereva akanipa sarafu ya mia mbili. Nikaitazama chini ya taa ya barabarani. Nzito ya kutosha.

Nyumbani saa tisa. Watu wamelala. Nikawasha kinanda, sauti chini kabisa, sikio nimelibandika kwenye spika. Sehemu ya kwanza ikaisha. Kabla sijainuka, ukuta ukagongwa. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, keshanipeleka kwa mjumbe mara mbili kwa kelele. Nikazima taa, sijui taa ina kelele gani. Ukuta ukagongwa tena.

"Samahani mzee, nazima!"

"Unazima nini? Umeshaniamsha. Geuza upande wa pili!"

Nikageuza. Sarafu ya mia mbili juu ya mkono, sindano ikashuka, "mpenzi" akapita salama salimini, nikafumba macho. Magitaa yakashika moto. Na jirani naye akashika moto: ukuta wote akaufanya tumba, viganja viwili, na guu la kitanda likiitikia. Mpaka wimbo unaisha sikusikia gitaa hata moja.