Gari la Waya Halina Kabati la Kioo

Katika jiji la Rochester, jimbo la New York, yapo makumbusho yaitwayo The Strong, ambayo yametengwa mahsusi kwa ajili ya michezo na vitu vya kuchezea. Humo mna orodha ya heshima ya vitu vya watoto, na mwaka 2005 kiliingizwa kitu ambacho sikutarajia kukikuta: boksi tupu la karatasi ngumu. Mwaka 2008 ikaingia fimbo. Fimbo hiyo hiyo ambayo mtoto huiokota njiani akaifanya farasi, upanga au usinga, imepewa nafasi pamoja na Barbie na matofali ya LEGO. Mimi ni Mtanzania niliyeishi Marekani kwa miaka 11 sasa, na nilisimama mbele ya maelezo ya fimbo ile kwa muda mrefu, nikijiuliza swali ambalo halijaniacha tangu siku hiyo: ikiwa wenzetu wameona kwamba fimbo na boksi vinastahili kuenziwa, kwa nini sisi gari la waya tumeliacha lipotee kimyakimya?

Kwa ambao hawakulikuta, niseme lilivyokuwa. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa fundi wa mtaa mzima. Waya mnene aliukunja kwa jiwe na koleo la kuazima mpaka ukatoka umbo la lori, na kila kiungo alikifunga kwa utepe mwembamba uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Matairi yalitoka kwenye kandambili zilizokatika. Aliweka kifuniko cha chupa juu ya soli, akazungusha wembe pembeni yake taratibu, na duara likatoka bila kona. Lakini sehemu niliyoihusudu kuliko zote ilikuwa usukani. Waya mrefu ulipanda kutoka kwenye ekseli ya mbele hadi usawa wa kifua cha dereva, ambaye alikimbia wima nyuma ya gari lake, na alipozungusha usukani matairi ya mbele yaligeuka kweli, kushoto na kulia. Siri ya jambo hilo ilikuwa kitanzi kidogo katikati ya ekseli. Kikibana mno, gari linagoma kukata kona. Kikilegea mno, matairi yanayumba na gari linakwenda upogo. Kaka alikuwa tayari kukaa asubuhi nzima akikikaza na kukilegeza, akijaribu tena, bila kusema neno.

Miaka michache baadaye mjomba alituletea gemu ya televisheni. Ilikuwa nakala isiyo na jina ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa nchini Japani mwezi Julai 1983, ingawa jina hilo hatukuwahi kulisikia. Kwetu ilikuwa gemu tu, na juu ya kaseti yake ya manjano paliandikwa idadi kubwa mno ya michezo, ilhali baada ya michache ya mwanzo ile ile ilianza kujirudia kwa majina mengine. Kaseti ilipogoma tuliichomoa, tukaipuliza, tukairudisha. Huku nimekuja kujifunza kwamba pumzi haikusaidia kitu, na kwamba unyevu wake unaweza hata kuyala meno ya shaba yaliyo ndani kwa kutu; kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni kwamba mfanyakazi mwenzangu, Mmarekani wa rika langu, alipokuwa akinionyesha mashine yake ya zamani aliinua kaseti mdomoni na kuipuliza kwa ishara ile ile, kutoka pembe hii hadi ile, kana kwamba tulilelewa uani pamoja.

Tofauti kati yetu ilikuwa kwenye foleni. Kwetu zilikuwepo pedi mbili za kuchezea gemu na watoto kumi au zaidi, na sheria ilijulikana na kila mtu: aliyekufa anampisha anayefuata. Waliosubiri hawakunyamaza, bali waliona adui kabla ya mchezaji, wakapiga kelele, wakabishana, kiasi kwamba mtoto aliposhika pedi kwa mara ya kwanza katika mchezo wa Contra alikuwa tayari anazijua njia zote kwa macho. Mwenzangu huyu ana chumba kizima chini ya nyumba, chenye mashine kuanzia Atari za miaka ya 1970 hadi PlayStation ya kwanza iliyotoka mwaka 1994, nyingi zikiwa na maboksi na vitabu vyake, na aliniambia kwamba sehemu kubwa ya michezo hiyo aliicheza peke yake chumbani kwake. Yeye akiukumbuka utoto, anakumbuka mchezo wenyewe hadi milio yake. Mimi nawakumbuka waliokuwa wamekaa nyuma yangu.

Sisemi haya ili kuwabeza. Uangalifu wa watu hawa kwa vitu vyao vya zamani ni jambo ninaloliheshimu kwa dhati, na nilitamani tuwe nao. Mwenzangu alifungua kaseti moja mbele yangu akanionyesha betri ndogo ya duara iliyolehemiwa ndani yake, ambayo kazi yake ni kulinda kumbukumbu ya mahali mchezaji alipofikia. Betri ikifa, safari yote ya mchezaji inafutika, kwa hiyo yeye huzibadilisha moja baada ya nyingine kabla hazijafa. Mwaka 2023 taasisi iitwayo Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Kwangu funzo liko hapo: kuna watu waliokaa chini wakahesabu kinachopotea.

Ninapotofautiana nao ni pale kutunza kunapogeuka kufungia. Agosti 2021 nakala moja ya mchezo wa Super Mario Bros. ambayo haikuwahi kufunguliwa tangu itengenezwe iliuzwa kwa dola milioni 2. Kaseti ile haijawahi kuchezwa na mtoto yeyote, na thamani yake yote imo katika kutochezwa huko. Wakati huohuo bunduki ya gemu ya kulengea bata kwenye televisheni, ambayo kwetu iligombaniwa mpaka waya wake ukakatika, haifanyi kazi tena kwenye televisheni bapa za leo. Ukivuta kifyatulio, kioo kinatakiwa kiwe cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha kiwake cheupe pale bata alipo, na jicho la bunduki lione mwanga huo kwa wakati wake kamili; televisheni ya zamani yenye mgongo iliweza, hizi mpya huchelewa. Unaweza basi kuwa na bunduki safi ndani ya boksi lake na usiweze kumpiga hata bata mmoja.

Nyumbani nako nina neno. Nikizungumzia gari la waya mbele ya baadhi ya ndugu na marafiki, huniambia niache, kwamba ule ulikuwa umaskini na sasa watoto wananunuliwa magari ya dukani. Siafiki hata kidogo. Ni kweli hatukuwa na fedha, lakini kitanzi cha ekseli hakikutokana na ukosefu wa fedha. Kilitokana na akili ya mtoto wa miaka 12 aliyeelewa namna gari linavyokata kona. Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam, yanaonyesha nyumba za jadi za makabila yetu, na ningefurahi mno kumwona katika moja ya nyua zile fundi mmoja, rundo la waya na koleo, na watoto wakiruhusiwa kushika.

Mwezi uliopita niliwatumia nyumbani picha ya ile fimbo ya Rochester. Binti wa kaka, aliye darasa la tano, akanipigia kwa video.

"Shikamoo, baba mdogo. Baba anasema na nyie mlikuwa na gari lenu. Lilikuwa linakataje kona?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, na nikajaribu kumweleza kwa maneno, nikashindwa. Kaka akaondoka bila kuaga, akarudi na waya na koleo. Simu iliegemezwa kwenye jagi la maji, nikawa naona mikono yake tu, imekomaa sasa, ikikunja ekseli na kukipitisha kitanzi. Akampa binti. Binti akazungusha, ikagoma.

"Legeza kidogo," nikasema, na kaka akawa amelisema neno hilo hilo kwa wakati mmoja na mimi.

Alilegeza, na ekseli ikageuka. Sasa wanasubiri kandambili ikatike.