Nyama Nimekula, Mbwa Hajazaa

Mtu akikwambia mimba ya mbwa ni miezi miwili tu, mwambie aje alale kwangu. Miezi miwili hiyo ni ya kusimuliwa. Kwangu mimi huyu mbwa ana mimba tangu mvua za masika, na nyumba nzima tunaongea kwa kunong'ona tusije tukamshtua. Watoto wangu mwenyewe walipokuwa tumboni nilikuwa nashangilia mpira mpaka bati linatikisika, na hakuna aliyenikemea.

Anaitwa Watasema. Msinitazame mimi, jina katoa Mama Neema, mwaka ule aliogombana na wenzake wa kikoba. Kila jioni alikuwa anasimama getini na kuita kwa sauti ya mnadani, "Watasema! Watasema, njoo ule!" na ujumbe unafika unakokwenda. Sasa wenyewe wamepata pa kulipizia. Nikikanyaga tu nje ya geti: "Baba Neema, vipi, bado?" Dereva wa bajaji: "Bado?" Muuza chapati, hata chenji hajanipa: "Bado?" Hata Mzee wa nyumba ya pili, ambaye mbwa akipita karibu anaikusanya kanzu yake mpaka magotini, nikimwamkia shikamoo anaipokea na swali: "Marahaba, mgonjwa anaendeleaje?"

Ningeweza kuvumilia yote hayo, ila nina deni.

Mwenye bucha wetu hapa Goba alisikia kwamba Watasema kapandwa na Jamani Shepadi wa yule bwana mwenye ghorofa. Akaniita pembeni. Anataka dume moja la kulinda bucha usiku, na yuko tayari kulipa kwa nyama, tena aanze mapema. Mimi ni nani nikatae? Kila Jumamosi nusu kilo ya mnofu, mara maini, mara mfupa wa supu. Daftari lake lina ukurasa wenye jina langu, na pale anapoandika wateja watalipa lini, kwangu kaandika "mbwa". Juzi kaniambia mbele za watu, kisu mkononi: "Baba Neema, huyu mbwa asipozaliwa, wewe utakuwa umekula mbwa." Wateja wote wakageuka kunitazama mdomo.

Na hapo hajajua habari za Bili.

Bili ni mbwa koko wa baa ya kona. Wanamwita hivyo kwa sababu anawafuata walevi mpaka nyumbani. Siku chache baada ya Shepadi kuletwa kwa miadi, kwa heshima zote, amefungwa mnyororo na mwenyewe kasimama pembeni, kuna mtu aliacha geti wazi. Niliporudi kazini nikakuta watoto wa mtaa mzima wamezunguka uani, na Bili na Watasema wamenasiana, kila mmoja kaangalia upande wake, hawana haraka. Nikafukuza watoto. Mama Neema akasema tusimwambie mtu. Tusimwambie mtu, na mashahidi ni darasa la tatu lote!

Kwa hiyo nikamwita bwana mifugo. Akaja na pikipiki yake, akambonyezabonyeza tumbo, akasema, "Wapo." Wangapi? "Wapo, wapo." Hiyo nayo nililipia. Ndipo akanieleza hesabu. Kawaida ni siku 63, lakini ukihesabu tangu siku ya kupandwa, mbwa anaweza kuzaa kuanzia siku ya 57 mpaka ya 72, kwa sababu mbegu za dume zinaweza kukaa hai ndani ya jike karibu wiki nzima, zikingoja mayai yapevuke. Yaani kumbe hata mbegu nazo zilikuwa kwenye foleni.

Nikateremsha sauti nikamuuliza swali lililonifanya nimwite. Je, kama kungekuwa na, tuseme, mgeni mwingine?

"Hilo lipo," akasema, bila hata kunionea huruma. "Tena mimba moja inaweza kuwa na baba wawili. Huyu wa kwanza, huyu wa pili, na wote wanatoka siku moja." Akawasha pikipiki. "Shukuru Mungu hufugi tembo, mzee. Tembo ni miezi 22."

Tangu siku hiyo sina raha. Tarehe ya Shepadi ikafika, kimya. Ikapita, kimya. Kila alfajiri Watasema akiamka na tumbo lake, moyoni naona mtoto wa Shepadi anapungua na mtoto wa Bili anaongezeka. Na nani atamlipa mtu mnofu na maini kwa ajili ya mtoto wa Bili?

Bwana mifugo alikuwa ameacha maagizo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 na ushee. Likishuka chini ya 37, basi ndani ya saa 24 hivi kaa tayari. Akishikwa na uchungu, akasukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kilichotoka, piga simu. Nikaenda duka la dawa kutafuta kipimajoto.

"Cha nani?" dada wa dukani akauliza.

"Cha mjamzito."

"Mkeo? Hongera!"

"Hapana, siyo mke wangu. Ni yule mwingine, wa hapohapo nyumbani."

Duka zima likanyamaza. Mama mmoja aliyeshika dawa ya kikohozi akanipima kuanzia viatu mpaka kofia. Nikaona bora nijieleze. Nikasema, "Jamani, ni mbwa."

"Umpe mimba wewe," yule mama akasema, "halafu umwite mbwa?"

Na kipimajoto chenyewe hakiwekwi kwapani. Kinawekwa kule nyuma, kwa mafuta ya mgando, na anayekiweka ni baba mwenye nyumba, kwa kuwa Mama Neema kajichagulia kushika kichwa na kubembeleza. Watasema aligeuza shingo akanitazama usoni, muda mrefu. Mazoea yetu ya zamani yaliishia pale. Na namba? 38.2. Jioni 38.1. Kesho yake 38.2. Afya tele, kuzaa hakuna.

Fundi seremala alimtengenezea boksi la mbao, pana, lenye ukingo mfupi. Mama Neema akalitandika kanga, tena ile niliyomnunulia mimi sikukuu, yenye maneno ya mahaba. Watasema akalinusa boksi, akazunguka, akaenda kulala mlangoni kwangu. Zamu ya usiku nikapewa mimi, eti baba ndiye hana usingizi mzito. Umeme ukikatika nabaki na tochi ya simu na mbu. Neema alipozaliwa, mama zake wakubwa walinisukuma mpaka barazani, "Wanaume nje, haya hayawahusu!" Leo yananihusu.

Lakini usiku mmoja nilimulika, nikaona. Ngozi ya ubavuni inanyanyuka, kidonge kidogo kinatokeza, kinatembea kwenda chini, kinazama. Halafu kingine upande wa huku. Chuchu ya mwisho ilikuwa na tone la maziwa, limening'inia, halidondoki. Nikaweka kiganja. Kikanipiga teke. Nikautoa mkono haraka, sitaki mazoea na mali ya mwenye bucha.

Dalili, wanasema, ni kuacha kula, kuhema na kuchimbachimba. Basi jioni moja akaususia ugali wake wa dagaa. Ah! Mama Neema akapiga simu kwao Korogwe. Mwenye ghorofa akashuka. Mzee akatuma mjukuu achungulie ukutani amletee habari. Tukakesha. Asubuhi mama lishe akapita na ndoo yake kichwani: "Huyu si alikuwa kwangu tangu mchana? Kanimalizia vichwa vyote vya samaki."

Sasa sikieni alivyozaa. Siyo usiku, ambapo nina glovu, uzi na wembe uliochemshwa. Ni saa saba mchana, jua la utosi, na mwenye bucha kaja mwenyewe na daftari lake, koti jeupe lina damu mpaka kiwiko, anataka tuelewane. Nimemsimamisha uani namweleza habari za mbegu na foleni, mara tukasikia kitu kinalia, wiii. Sauti inatoka kwenye lundo langu la mchanga, ule nilionunua kupigia plasta chumba cha mbele (fundi plasta naye nilimsubiri, huyo tumwache). Watasema kachimba shimo chini ya mabati, kajilaza humo. Wawili wako nje tayari, wa tatu anatoka ndani ya ngozi yake nyembamba. Akaipasua kwa meno, akakata kitovu, akamlamba kwa nguvu mpaka kikalia, kisha kondo la nyuma akalimeza, basi.

Nikapiga magoti na glovu zangu. Akanionyesha meno yote.

Akapiga magoti mwenye bucha. Watasema akamnusa mkono, akaulamba mpaka kwenye vidole, akamlalia. Mkono unanuka mnofu, mimi nitashindana nao kwa nini? Basi mkunga akawa yeye. Bucha ikafungwa. Wateja wakamfuata huku kwangu na vikapu vyao, wakasimama kwenye mchanga wangu, na mimi nikatumwa kuchemsha maji ambayo mpaka leo hakuna aliyeyatumia. Kila nusu saa hivi, mmoja. Ilipoadhiniwa alasiri walikuwa sita, macho yamefumba, wote weusi tii, wawili wana doa jeupe kifuani.

Mwenye ghorofa akafika kuchagua wa kwanza, maana ndiyo haki ya mwenye dume. "Fotokopi ya baba yao!" akasema. Walevi wa baa, waliokuwa wamekaa juu ya mabati yangu, wakacheka mpaka mmoja akadondoka. Wakaonyesha lile doa jeupe. Mwenye bucha akanitazama. Nikamtazama Mama Neema. Mama Neema akatazama angani kuona kama mvua itanyesha.

Bwana mifugo akaja jioni kuwakagua, na wote wakamgeukia aamue. Akasema kwa sasa huwezi kujua. Watoto wa mbwa wote huzaliwa masikio yamelala. Ya Shepadi husimama wakifika miezi mitatu, minne, mengine hata mitano.

Mwenye bucha akalifungua daftari, akachomoa kalamu sikioni, akaandika.

"Basi tutasubiri masikio," akasema.

Nikamuuliza, na nusu kilo ya Jumamosi?

"Taslimu, Baba Neema. Mpaka yasimame."