Si Kila Mara ni "Kwa Shauku"

Sikubaliani na mazoea yaliyoenea katika tafsiri zetu, ya kukiandika kielezi cha Kiingereza "enthusiastically" kuwa "kwa shauku" popote kinapojitokeza. Shauku ni hamu ya jambo ambalo mtu bado hajalipata: tunasubiri matokeo ya mtihani kwa shauku, na mtoto huwa na shauku ya kumwona mama yake aliyesafiri. Hapo Mwingereza angetumia "eagerly". Makofi yakipigwa "enthusiastically", jambo lenyewe limekwisha kufika, na furaha imejaa hadi inaonekana usoni na kusikika sautini. Ukisema watu walipiga makofi kwa shauku, msomaji makini atajiuliza walikuwa wakitamani nini.

Neno hili la Kiingereza lina asili ya Kigiriki, ambako lilimhusu mtu aliyeingiwa na mungu. Nchini Uingereza, katika karne ya 17 na ya 18, nomino yake, "enthusiasm", ilikuwa shutuma ya kidini. Mwanafalsafa John Locke aliongeza sura nzima ya kuipinga hali hiyo katika toleo la nne la kitabu chake kikuu, mwaka 1700. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 iliieleza kuwa ni imani tupu ya mtu anayedhani amepewa ufunuo wake binafsi. Na mhubiri John Wesley, pamoja na Wamethodisti wake, walitupiwa neno hilo mara nyingi. Shutuma imefutika siku hizi, lakini wazo la mtu kushikwa mzima mzima na jambo limebaki, na ndilo linalopotea tunapoandika "kwa bidii", kwani mtu aweza kulima kwa bidii huku amenuna.

"Kwa hamasa" inakaribia zaidi, nami huichagua panapohusika umati. Hata hivyo, kitenzi "kuhamasisha" kimetumika mno katika mikutano ya hadhara na kampeni za chanjo, hata hamasa yenyewe imeanza kudokeza kwamba kuna mtu aliyewachochea watu, ilhali kielezi cha Kiingereza hakidokezi hivyo hata kidogo.

Naona Kiswahili kina utajiri wake hasa pale kinapotaja namna furaha inavyotoka. Kiongozi hupokewa kwa vifijo na nderemo, bibi harusi kwa vigelegele, na timu iliyorudi na kombe kwa hoihoi; mwenyeji hukaribisha kwa moyo mkunjufu. Mfasiri analazimika basi kuuliza ni nani aliyefurahi, na alifanya nini. Taarifa ya mkutano ikisema kwa Kiingereza kwamba pendekezo lilipokelewa "enthusiastically", ningeandika kwamba wajumbe walilipokea kwa mikono miwili. Na kama maelezo yanaonyesha kwamba walisimama wakashangilia, ningeandika kwamba walisimama wakashangilia.