Benchi la Bibi: Linabeba Nini, Linaelemewa na Nini

Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 na benchi nje ya zahanati. Ndani hakukuwa na chumba cha kumpa, na mabingwa wenzake Zimbabwe nzima walikuwa wachache mno. Mpango huo wa bibi kuketi na wenye msongo wa mawazo na kuwapa ushauri nasaha, Friendship Bench (Benchi la Urafiki), baadaye ulifika Malawi na Zanzibar, na ubishi ukafuata nyuma yake: ushauri nasaha ni kazi ya aliyeusomea miaka, au hata jirani aliyefunzwa kwa siku chache anauweza?

Wanaoutetea wana tarakimu. Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, ulihusisha zahanati 24 za Harare na watu 573, wote waliopata alama 9 au zaidi kwenye dodoso la maswali 14 ya ndiyo na hapana; alama zikizidi, hali ni mbaya zaidi. Miezi 6 baadaye, waliopita kwenye benchi walikuwa na wastani wa alama 3.81. Waliopewa huduma ya kawaida iliyoongezewa maelezo kuhusu hali yao walibaki na 8.90, yaani pua na mdomo na ile alama 9 ya kuingizwa.

Siri ya mafanikio hayo, kwa kiasi fulani, imo kwenye lugha. Dodoso lile ni la Kishona, lugha ya Wazimbabwe wengi, na neno linaloongoza kazi nzima ni kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Kwetu huyo ni mtu "mwenye mawazo". Mwambie mama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, atashtuka au atakataa. Muulize kama wiki hii amekuwa akiwaza mno, akikosa usingizi, akilia, atakujibu bila kusita.

Kikao chenyewe hakina uganga. Hatua ya kwanza ni kufungua akili: mtu anataja shida zake zote, kisha anachagua moja, yeye mwenyewe. Hatua ya pili ni kumwinua, ya tatu kumtia nguvu, na vikao vyote ni 6. Ugumu uko kwenye kuifinyanga shida. "Sina kodi" haifanyiki kazi. Inapunguzwa mpaka iwe "Ijumaa asubuhi nitamwendea mwenye nyumba nimwombe nilipe kwa mafungu mawili." Kikao kinachofuata kinaanzia hapo: ulienda? Alisemaje? Kama hukwenda, kilichokuzuia ni nini?

Na hapo ndipo kazi huharibika. Bibi wa Kiafrika amezoea kuusia. Akishasema "vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo", ameacha mbinu na kurudi kwenye unyago. Wengine hurukia suluhisho kabla mtu hajamaliza kutaja shida, au hushika tatu kwa pamoja na zote zikabaki nusu. Mafunzo pekee hayaondoi tabia hiyo. Inaondoka pale msimamizi anapokaa kando, anasikiliza kikao kizima na kumrekebisha bibi baada ya mteja kuondoka.

Wapinzani nao wana hoja nzito kuliko wanavyohesabiwa. Waliokuwa na nia ya kujiua, wenye saikosisi (waliopoteza mguso na uhalisia) na waliokuwa tayari kwenye matibabu ya akili hawakuingizwa katika utafiti ule, kwa hiyo tarakimu zake haziwahusu. Washiriki 86 kati ya kila 100 walikuwa wanawake. Wanaume waliolifuata benchi walikuwa wachache. Halafu kuna usiri. Mtaani, bibi anamjua mumeo, mama mkwe wako na unakokopa. Kuna pia posho: kumtwika mwanamke mzee mizigo ya watu kwa malipo kiduchu, kisha kuita huo ubunifu, kunaipa serikali kisingizio cha kutoajiri. Hoja hii ya mwisho naiona haina jibu zuri bado.

Hata hivyo, hoja kwamba asiyesomea hawezi imeshapata jibu zaidi ya mara moja. Katika utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2003, uliohusisha vijiji 30 vya Masaka na Rakai, tiba ya vikundi katika baadhi ya vijiji hivyo iliongozwa kwa wiki 16 na wenyeji waliofunzwa kwa wiki 2, na sonona ilishuka mno kuliko katika vijiji visivyopata tiba hiyo. Kwa shida za kawaida, benchi linatosha. Zaidi ya hapo linategemea kilicho nyuma yake.

Chukua swali moja tu la dodoso, lile la kutaka kujiua. Bibi lazima aulize waziwazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Jibu likiwa ndiyo, anauliza kama kuna mpango, njia na siku, hamwachi peke yake, na anampigia msimamizi papo hapo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha Januari 2025 kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kosa hilohilo. Kuwaza si kosa, lakini aliyewahi kujaribu anajua sheria inamwitaje, na mbele ya benchi atajibu "hapana". Bibi aliyefunzwa vizuri haridhiki na hapana iliyotolewa haraka. Analirudia swali kikao cha pili, kwa maneno mengine.