Kusinzia kichwa: je, ni kinga ya mwili ndo inayoharibu ubongo wa hawa watoto?

Kule Mahenge, Ulanga mkoani Morogoro, watu walikuwa na jina la huu ugonjwa zamani sana, wanasema mtoto "amesinzia kichwa". Daktari Louise Jilek-Aall aliyeanza kuhudumia watu wa kifafa pale miaka ya 60 aliwakuta watoto wa namna hiyo. Mtoto alikuwa mzima kabisa, ghafla kichwa kinaanza kumdondoka, hasa akiwekewa chakula au kukiwa na baridi, afu kinakuja kifafa cha mwili mzima, akili inarudi nyuma, shule basi tena. Baadaye ukalipuka kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, na Sudan Kusini pia. Kote huko utakuta mito ya kasi na usubi, wale inzi wadogo weusi wanaosambaza minyoo ya upofu.

Kilichowasumbua wataalamu ni kwamba mnyoo wenyewe hauonekani kwenye ubongo wa hawa watoto. Sasa unauharibuje ubongo bila kuufikia?

Mwaka 2017 Tory Johnson, Avindra Nath na wenzao wa NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, wakatoa jibu, na mimi lilinisisimua kweli. Walisema mwili unatengeneza antibodi, yaani protini za kinga, za kumpiga mnyoo, lakini protini ya mnyoo inafanana na protini yetu iitwayo leiomodini-1, ambayo ipo hata kwenye seli za ubongo, kwa hiyo askari wanamfukuza mwizi huku wanampiga mwenye nyumba. Na hawakuishia kusema tu, waliziweka hizo antibodi kwenye seli za neva maabara zikaumia, wakiziondoa madhara yanapungua. Pia walizikuta kwenye maji ya uti wa mgongo ya baadhi ya wagonjwa.

Ila angalia namba zao wenyewe. Walipima wagonjwa 55 na majirani 55 wasioumwa wa vijiji vilevile. Wagonjwa wenye antibodi walikuwa 29, majirani 17. Tofauti ipo, siibishii, lakini karibu nusu ya wagonjwa hawana, na karibu thuluthi ya wazima wanazo na vichwa vyao viko sawa! Hapa ndo mimi nasita. Inawezekana kabisa antibodi ni alama tu kwamba mtu kaumwa sana na usubi, ni nyayo, siyo mwizi.

Kuna jingine. Leiomodini-1 inakaa ndani ya seli. Linganisha na ule ugonjwa wa ubongo aliouelezea Josep Dalmau 2007, kule antibodi zinashika kipokezi kilicho juu ya seli, ndo maana ukizipunguza wagonjwa wengi wanarudi hali yao. Antibodi kuifikia protini iliyo ndani ya seli hai ni kazi nyingine kabisa. Na mwaka 2018 timu ya Pollanen ilichunguza ubongo wa wagonjwa 5 wa Uganda waliofariki wakakuta tau, protini ya ndani ya seli za neva, imejikusanya, kitu ambacho hiyo nadharia peke yake haikielezi vizuri.

Halafu kuna jaribio la Profesa Richard Idro Uganda, vijana 240, nusu walipewa doksisaiklini inayoua bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo, ambao mnyoo unawategemea. Antibodi hazikushuka. Lakini waliopewa dawa walilazwa mara chache zaidi kwa sababu ya degedege na vifo vya degedege vilipungua. Wanaopinga nadharia ya antibodi watasema unaona, antibodi hazihusiki, ila wanaoitetea nao wanaweza kusema mnyoo umethibitika kuhusika, na dawa ilichelewa tu.

Mimi kwa sasa siwezi kukubali mtoto wa kijijini apewe dawa za kushusha kinga ili antibodi zipungue kwa ushahidi huu, kule kuna TB, kuna malaria, utamuua. Pesa ya leo iende kwenye dawa ya minyoo ya ivamektini mara mbili kwa mwaka na kupulizia mito dawa ya kuua usubi, Uganda walifanya hivyo kuanzia 2012 na wagonjwa wapya karibu waliisha. Lakini sitaki risechi ya kinga itupwe, maana kuua usubi hakumsaidii kijana wa miaka 20 ambaye tayari mama yake anamlisha na kumchunga asidondokee motoni. Kinachotakiwa ni kuwafuatilia miaka kadhaa wale watoto wazima wenye antibodi kama wale 17, tuone wangapi wataanza kusinzia.